Nani Anaikula Betri ya Baba?

Alhamisi, 6 Juni

Fundi wangu,

Nimefika salama, kabla hujaanza kuita polisi. Niko kwenye nyumba ya wageni nyuma ya kituo cha mafuta, ile yenye geti la bluu. Chumba kina kitanda, kiti cha plastiki na soketi moja, nayo iko nyuma ya kitanda, utadhani aliyejenga alikuwa anaficha umeme usiibiwe. Ilibidi nisogeze kitanda hadi mlangoni ndipo chaja ifike. Sasa mlango haufunguki. Mhudumu amenipitishia chai dirishani, akaniuliza kama nimefungiwa. Nikamwambia hapana, nachaji.

Betri ya baiskeli iliisha nilipokaribia hapa, kwa hiyo sikufika shuleni kwa mwalimu mkuu kama tulivyopanga. Usishtuke. Kulikuwa na upepo. Kesho nitafika.

Simu nimeiacha, najua umeshaitafuta. Simu nayo inataka kuchajiwa, na soketi ndiyo hiyo moja. Tena simu haina adabu. Ungenipigia niko wapi, nimekula nini, nimevaa nini. Nimeendesha lori tangu ujana bila mtu kunipigia filimbi mgongoni. Wewe andika barua, umpe kondakta wa basi la asubuhi, yule mwenye pengo. Anapita kila mahali nitakapochaji, na zangu nitampa anaporudi jioni. Mimi na mama yako tuliishi hivyo hivyo kwa barua, na ukazaliwa.

Halafu mwambie mumeo nilimwona siku naondoka, anajaza upepo tairi za gari. Gari lina mwaka halijasogea, leo ndio linakumbukwa? Najua mnachopanga, mnifuate mnirudishe. Nasema hivi: nitafika kwa shangazi yako kwa magurudumu yangu mwenyewe. Dada yangu ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Maisha yangu yote nimepeleka mizigo ya watu, sitaki kupelekwa kama mzigo.

Kiti changu cha barazani asikikalie mtu.

Baba yako


Ijumaa, 7 Juni

Baba, shikamoo.

Simu nimeikuta ndani ya kopo la unga. Mtu asiye na la kuficha haifukii simu kwenye unga, anaiacha mezani. Watoto wamekunywa uji wenye harufu ya plastiki kwa ajili yako.

Sasa tuzungumze. Ile betri nimeiunga kwa mkono wangu, seli moja moja, nikaipima karakana nzima inaona. Mimi mwenyewe niliiendesha hadi shuleni kwa mwalimu mkuu, na wakati wa kurudi ikanifikisha zaidi ya nusu ya njia, na mgongoni nina mkoba wa spana. Wewe umeishia kituo cha mafuta. Kituo cha mafuta, Baba! Hapo mtu anafika kwa baiskeli ya kawaida kabla jasho halijamtoka.

Upepo gani? Siku hiyo nguo kwenye kamba hazikutikisika.

Vinavyokula betri ni vitu vitatu: mlima, uvivu na mzigo. Mlima huko hakuna mpaka uvuke kwa mchomeleaji. Uvivu ni kuzungusha kile kishikio cha mkono wa kulia, mota ikavuta peke yake na miguu ikakaa kama abiria. Tulikubaliana kishikio ni cha mlimani tu, kwingine kote unakanyaga na mota inakusaidia. Je, unakanyaga? Kama unakanyaga, basi umebeba mzigo. Na begi lako nililipanga mimi: mashati mawili, suruali, mswaki, chaja. Hilo si mzigo.

Kwa hiyo nakuuliza kwa heshima zote. Kile kiti cha nyuma kina nini? Uliniomba nikiwekee mto, ukasema ni wa begi. Tangu lini begi likaumwa makalio?

Mume wangu ananiambia nikuache, mtu mzima ana njia zake. Nimemwambia asiniingilie.

Mwanao


Jumapili, 9 Juni

Fundi,

Barua yako imenikuta shuleni. Nimechaji ofisini kwa mwalimu mkuu, chini ya meza yake. Kila mwalimu anayeingia anaruka waya wangu, na yule wa hesabu aliukanyaga, chaja ikachomoka, akasema samahani akaendelea na safari yake. Hakuna aliyeona mpaka jioni. Ndiyo maana nimelala hapa mara mbili. Umeona? Kila jambo lina sababu yake.

Unauliza kama nakanyaga. Nakanyaga kama cherehani! Watoto wa shule walinipigia makofi. Nilisimama kidogo pale darajani, si kwa kuchoka, nilikuwa naangalia maji. Na mwalimu mkuu alinibebea betri kupanda ngazi za ofisi kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka kujua uzito wake. Nisingeweza kumkatalia mwenye nyumba.

Sasa na mimi nikuulize. Umejuaje kwamba hakukuwa na upepo nilipokuwa mimi? Wewe uko karakanani, mimi niko njiani. Nikajiambia, huyu ameniwekea kitu. Jana nimeikagua baiskeli yote, na ndani ya taa ya nyuma nikakuta kidude cheusi chenye waya mwekundu. Nimekitoa nimekizika nyuma ya choo cha shule. Mwambie mumeo sasa anisome nilipo kutoka huko chooni.

Kesho naenda kando ya mto. Kuna saluni ina umeme mzuri.

Baba yako, asiyefuatwa


Jumanne, 11 Juni

Baba, shikamoo.

Kile kidude ni cha kuwashia taa. Umezika taa yako mwenyewe. Usiendeshe giza likiingia, nakuomba.

Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu kondakta mwenye pengo amefika hapa na maneno. Anasema amekuona mchana kweupe mbele ya saluni kando ya mto. Umejilaza kwenye benchi la wateja, vifungo vya shati viko wazi, na mwanamke ameinama anakupepea kwa gazeti. Anakupepea, Baba! Kondakta alisimulia mbele ya mafundi wote. Yule mchoma seli akauliza kama gazeti lilikuwa la leo au la jana, wakacheka mpaka wakashika meza.

Sasa naelewa mto wa kile kiti ni wa nani. Naelewa betri inaliwa na nani. Nimerudia hesabu zangu: njia tambarare, betri nzima, mwendeshaji anakanyaga kama cherehani, na bado inaishia nusu ya njia. Hapo kuna mtu wa pili, tena aliyeshiba. Betri haijui kusengenya wala kusingizia, inasema ilichobeba.

Mimi si mtoto, najua mwanaume hakai peke yake milele. Lakini Mama hajatimiza hata miaka miwili kaburini. Viatu vyake bado viko chini ya kitanda chako, wewe ndiye uliyekataa vitolewe. Halafu unatoka hapa umeficha simu, unasema unakwenda kwa dada yako, kumbe safari yako inaishia kwenye benchi la saluni?

Nitakwambia kinachoniuma, maana sijui kuzunguka. Naogopa. Naogopa utakaa huko na watu tusiowajua, nasi tutaitwa siku ya habari mbaya tu. Mama aliniachia wewe. Aliniambia nikuangalie, na mimi nimekutengenezea kitu cha kukimbilia.

Jibu neno moja. Mlima, uvivu au mzigo?

Mwanao


Jumatano, 12 Juni

Fundi,

Haya basi. Mzigo.

Umenishika. Kuna mtu. Nilijua kwako siwezi kuficha, wewe ukitoka tumboni ulikuwa tayari na bisibisi mkononi. Ni mtu wa makamo, mchangamfu, si mnene wala si mwembamba. Anakaa nyuma, anashika shati langu, tunakwenda polepole tunaongea. Betri inaisha, tunachaji, tunaendelea. Hakuna dhambi hapo. Mama yako angekuwepo angenicheka, halafu angeniuliza kama huyo mtu anajua kupika.

Basi umejua. Sasa kasirika, niseme, nitukane kidogo ukitaka, lakini kaa huko huko. Mambo haya hayatatuliwi kwa gari. Ukija utanitia aibu mbele ya watu.

Nimekaa hapa zaidi ya nilivyopanga kwa sababu mwenyeji hanipi ruhusa. Ijumaa asubuhi naondoka. Nitachaji kwa mchomeleaji, yule mwenzako mliyesoma naye ufundi, mpaka betri ijae kabisa, kisha nipande mlima hadi kwa dada yangu. Ule mlima bila betri iliyojaa haupandiki, hilo hata mimi najua.

Baba yako


Alhamisi, 13 Juni

Baba, shikamoo.

Barua nimeipata. Sina neno tena. Kwa mchomeleaji nimeshakupigia simu, anakusubiri.

Safari njema.

Mwanao


Jumapili, 16 Juni

Kwako fundi wa betri,

Hunijui, ila nasikia unanijua sana. Mimi ndiye msusi wa kando ya mto. Mimi ndiye mzigo.

Baba yako amekataa kunipa namba yako ya simu, anasema ukisikia sauti yake utajua yote. Anuani nimeiona nyuma ya bahasha yako. Nakuandikia yeye amelala chumba cha nyuma, na nimemwambia mume wangu amkalie mlangoni asije akaamka akaniuliza naandika nini. Ndiyo, nina mume. Ndiye aliyenijengea saluni hii, na wakati baba yako ananisomea barua yako kwa sauti, mume wangu alikuwa hapo hapo anamenya viazi. Mteja wangu alicheka, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, ikabidi nianze mstari upya.

Nisikilize vizuri, mwanangu. Mimi sijawahi kukaa kwenye baiskeli ya baba yako. Hajawahi kukaa mtu. Kile kiti cha nyuma kina mto na vumbi.

Siku anafika hapa hakuwa na pumzi. Midomo imekuwa kama majivu, anashika ukuta, anasema anatafuta soketi. Nikamlaza kwenye benchi, nikamfungua vifungo nikampepea kwa gazeti, na kondakta akapita. Kondakta kaona shati, uso hakuuangalia. Mzee alipopata nguvu akaniapisha nisimwambie mtu. Akanieleza kwamba daktari wa huko kwenu alishamwambia moyo wake umechoka, asipande ngazi, asibebe kitu, asikanyage baiskeli. Na kweli hajakanyaga. Tangu atoke kwenu anazungusha kishikio tu, miguu imetulia, ndiyo maana betri inaisha njiani. Huo ndio uvivu wake.

Nikamuuliza, sasa kwa nini usimwambie mwanao, unamwachia aniite mwizi wa wazee? Akasema: "Nikimwambia nina mwanamke atanigombeza. Nikimwambia nina moyo mbovu atanifuata na gari." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akanijibu kwamba yeye na kifo wanafahamiana tangu enzi za lori na hakuna anayemdai mwenzake.

Sasa yaliyotokea. Ijumaa aliondoka, nikamwambia asipate shida, mchomeleaji si mbali. Siku hiyo hiyo jioni lori la mchanga linasimama mlangoni kwangu, juu kuna baiskeli, mbele kuna baba yako ameegemea dirisha. Dereva anasema amemkuta chini ya mlima, kwenye kona za mwanzo. Alikuwa anaisukuma. Anasukuma chuma chote kile, na betri yake, na mota yake, kupanda mlima. Akamkuta amekaa chini katikati ya barabara, ameshika breki ili baiskeli isirudi nyuma. Hakutaka kuiachia. Dereva akamuuliza ampeleke wapi, akataja kwangu, maana kwenu hakutaka.

Kliniki wamemtundikia dripu, wamempa vidonge, leo anakunywa uji. Atapona safari hii, wanasema.

Ila kuna jambo limenikaa kooni. Baba yako alisukuma kwa sababu mchomeleaji alimnyima umeme. Alimwambia umekatika, na mashine yake ya kuchomelea inanguruma nyuma yake. Dereva wa lori alipita pale akamkuta huyo mchomeleaji amekaa kwenye ndoo, anasema aliagizwa na mtu ambaye hawezi kumkatalia. Mimi si askari, nasuka nywele tu. Lakini wewe ni fundi mwenzake, na wewe ndiye uliyeandika kwamba umeshampigia simu.

Kama nimekosea, nisamehe. Kama sijakosea, njoo.

Msusi


Jumatatu, 17 Juni

Baba,

Shikamoo yangu leo sijui kama utaipokea.

Ni mimi. Nilimpigia mchomeleaji, nikamwambia usimpe hata tone, akikosa umeme atageuka arudi nyumbani. Alikataa mara ya kwanza. Akasema, mzee wa watu, njia ndefu. Nikamkumbusha nani alimshikia kazi wakati mkewe amelazwa. Nilimlazimisha, Baba, usimchukie. Nilikata simu nikaona nimefanya jambo la akili. Nilikwenda kula.

Nilikuwa na hakika. Hilo ndilo linalonitesa. Ningekuwa na wasiwasi ningesita, lakini nilikuwa na hesabu. Nilihesabu mlima, nikahesabu uvivu, nikahesabu mzigo, na betri niliiamini kuliko wewe. Mgonjwa sikumhesabu. Darajani ulisimama kuangalia maji, nikasoma. Mwalimu mkuu akakubebea betri, nikasoma. Kondakta akasema umejilaza unapepewa, na mimi nikaona wivu. Fundi gani anasikia mota inalia halafu analalamikia tairi?

Nikifumba macho nakuona umekaa barabarani umeshika breki.

Mume wangu alitaka tuwashe gari usiku ule ule barua ya msusi ilipofika. Nimemzuia. Sitaki kuja na kitu utakachokiogopa zaidi ya ugonjwa. Niambie mwenyewe nije vipi na nije na nini. Ukisema nisije, sitakuja, ila nitaumia.

Mwombe msusi radhi kwa ajili yangu mpaka nitakapomwangukia miguuni mwenyewe.

Mwanao


Jumatano, 19 Juni

Fundi,

Nimekasirika. Nakwambia kabisa ili usije ukadhani nakuandikia nikiwa nimetulia. Kliniki wamenikataza hasira, kwa hiyo naandika mistari michache, napumzika, naandika tena.

Mchomeleaji alinitazama usoni akaniambia, "Mzee, umeme hakuna," na cheche zinaruka nyuma yake mpaka moja ikatua kwenye kofia yangu. Nilielewa papo hapo. Nikasema huyu si wa kunidanganya hivi bila kutumwa, na anayemtuma namjua, nimemlea. Nikasema sirudi. Kama angeniambia ukweli labda ningerudi. Nilipanda ule mlima kwa hasira yako, si kwa nguvu zangu.

Hilo nimeshalisema, sasa la pili. Na mimi nimekudanganya, tena kwa raha. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la msusi natunga huyo mwanamke, nampa umbo, nampa tabia, mpaka msusi mwenyewe akaniuliza kama anakuja lini amsuke. Nilikudhania unanifuata, nikazika taa nzima. Nilimdhania mumeo kwa tairi tu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, umenifuata mimi.

Ule mto wa kiti ni wa shangazi yako. Miguu yake haimfikishi hata getini siku hizi. Nilitaka nimpakie nimzungushe mtaani kwake, aone watu. Nilikuwa na aibu kukwambia, maana ungeniuliza nani atakayemshikilia asianguke, na jibu sikuwa nalo.

Kuhusu moyo. Daktari aliniambia kabla sijaja kukuomba uniundie baiskeli. Ndiyo, nilijua. Kama ningekwambia ungeunda? Usingeunda. Ningekaa barazani nasubiri dada yangu afe au nife mimi, yule atakayetangulia. Siwezi kukuomba radhi kwa hilo. Nimejaribu, haitoki.

Njoo. Njoo na basi, kama watu. Nikiona gari la mumeo naanza kusukuma tena, nakuapia. Lete betri ya pili iliyojaa. Lete na kidude cha taa.

Na kule juu nafika mimi. Hunipeleki. Ukilikubali hilo, njoo.

Baba yako


Jumapili, 23 Juni

Baba watoto,

Tumefika. Nakuandikia nyumbani kwa shangazi, mtandao huku wa kuwinda juu ya paa. Basi la kesho litakuletea hii kabla yangu. Baba amelala chumba cha mbele, amekula, vidonge amemeza mbele yangu na mdomo ameufungua nikague. Naye ananikagua mimi. Kila nikiingia anauliza nimeandika nini, kwa nani.

Msusi nilimpigia magoti mlangoni mwa saluni yake, wateja wakiona. Akaniinua, akasema nywele zangu zinatia huruma kuliko hadithi yangu, akanikalisha chini akanisuka. Hakuniruhusu kuongea mpaka amalize. Mumewe akaniletea chai, akasema yeye ndiye mume wa mzigo.

Daktari wa kliniki alimruhusu Baba asafiri kwa masharti: akae tu, asikanyage, asibebe, asikasirike. La mwisho alilisema akinitazama mimi.

Tukaondoka jana. Yeye mbele kwenye baiskeli, mimi nyuma kwenye pikipiki ya kukodi, betri ya pili nimeipakata kama mtoto. Kwa mchomeleaji nilitaka tupite haraka. Baba akasimama. Yule mwenzangu alikuwa mlangoni, mikono hajui aiweke wapi. Baba akamuuliza, "Umeme umerudi?" Basi jamaa akaingia ndani akazima mashine yake, akachomoa waya wake wa kazi, akachomeka chaja ya Baba, na kutwa nzima hakuchomelea kitu. Wateja walikuja akawarudisha. Walikaa wawili kwenye ndoo wanaongea habari za malori. Mimi hawakuniita.

Leo asubuhi tukapanda. Kwenye kona ya katikati betri ya kwanza ikaisha, nikaweka ya pili. Baba alisimama kunipa mgongo ili nisione anavyohema. Nilikawia kuibana kwa makusudi. Alipogeuka akaniuliza mbona fundi mzima nahangaika na boliti moja, nikamwambia limeota kutu.

Shangazi alikuwa ametolewa nje kwenye kiti. Alipoona baiskeli akapiga kelele jina la utotoni la Baba, ambalo sikuwahi kulisikia na amenikataza kulitaja. Akamshika uso kwa mikono miwili, akamuuliza nani amemleta. Baba akasema, "Nimejileta." Akanitazama. Nikasema ndiyo, Shangazi, mimi nimemfuata tu.

Sasa nikwambie jambo moja, na usimwambie mtu, hata yeye usimwonyeshe kwamba unajua.

Juu kabisa kabla ya nyumba za kwanza kuna bomba la maji, na watu wamejaa na ndoo zao. Baba alipowaona tu, akaanza kukanyaga. Nikafungua mdomo nimpigie kelele aache. Halafu nikaangalia mnyororo. Mnyororo ulikuwa unazunguka bure, haushiki. Alikuwa anazungusha pedali kinyumenyume, baba watoto. Mota inamvuta, na yeye miguu inazunguka kurudi nyuma, haraka haraka, mgongo umenyooka, kofia imekaa upande. Haikumgharimu pumzi hata moja. Watu pale bombani wakasimama, wakaanza kumshangilia, mzee ana nguvu, mzee hatari, na yeye anawapungia mkono.

Mwendesha pikipiki wangu ni mjanja, naye akaona. Akageuza kichwa akaniuliza, "Dada, mbona mzee wako anakanyaga namna ile?"

Nikamwambia ndivyo anavyokanyaga siku zote, tangu nikiwa mdogo.

Mkeo